Mkopo wa hoteli ulipwe kwa kalenda ya wageni

Ndugu mleta mada anauliza: ana hoteli ya vyumba 24 Watamu, Pwani ya Kenya, ujenzi umefika linta (juu ya milango na madirisha) ukakwama, na benki iko tayari kumkopesha kwa dhamana ya hati ya shamba la mzee wake. Achukue?

Nimefanya uhasibu wa hoteli Pwani miaka mingi, zaidi Diani. Kukopa kwenyewe kusikutishe. Hoteli nyingi unazoziona zimesimama kwa deni, maana jengo humeza pesa zote kabla mgeni wa kwanza hajalala, kisha huzirudisha kidogo kidogo kwa miaka kumi na zaidi. Cha kugombania na benki ni ratiba ya marejesho. Watu hubishania riba, asilimia moja juu au chini, halafu wanatia sahihi rejesho la kiasi kimoja kila mwezi.

Chukua Mei. Masika imeshika, ufuo umejaa mwani, wazungu wameondoka. Pale nilipokuwa tulifunga vyumba vya upande mmoja, wafanyakazi wakapewa likizo, jikoni samaki akaagizwa kilo mbili tatu. Lakini jenereta inataka dizeli, VAT ya Aprili inadaiwa tarehe 20, na benki inakata rejesho lilelile la Januari. Mawakala wa Ulaya nao, wageni wao wa Machi walishalala wakaenda zao, lakini malipo yanakuja baada ya siku 30, mara nyingine 60. Vitabu vinaonyesha faida, akaunti haina kitu. Tukawa tunaziba kwa ovadrafti, yaani kutoa benki zaidi ya kilichomo kwenye akaunti, ambayo riba yake ilikuwa kali kuliko ya mkopo wenyewe.

Kilichotuokoa ni kumpelekea meneja wa benki jedwali la vyumba vilivyouzwa mwezi kwa mwezi, miaka mitatu nyuma. Akakubali tulipe riba tu Aprili hadi Juni, na deni lenyewe tulilipe kwa nguvu Agosti, kisha Desemba hadi Machi.

Hata wakubwa hupitia hayo. Blackstone, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, waliinunua kampuni ya hoteli ya Hilton mwaka 2007 kwa takriban dola bilioni 26, sehemu kubwa ikiwa mkopo. Mwaka uliofuata uchumi wa dunia ukaanguka. Mwaka 2010 walikaa na wakopeshaji, deni likapunguzwa na muda wa kulipa ukasogezwa mbele. Desemba 2013 Hilton ikaingia soko la hisa. Wasingepata muda ule, sidhani wangefika.

Jingine ni sarafu. Mkopo wa dola huwa na riba ya kuvutia, lakini uchukue tu kama wageni wako wanalipa kwa dola au yuro. Deni la dola 500,000 mwishoni mwa 2020 lilikuwa kama shilingi milioni 54 na nusu. Januari 2024 dola ilipogonga shilingi 160, deni hilohilo likawa milioni 80. Anayeuza semina na wikendi kwa watu wa Nairobi atazitoa wapi?

Kuhusu hati ya mzee: sajili kampuni, kiwanja cha hoteli kiwe chake, na dhamana iwe kiwanja hicho na vilivyomo. Benki iking'ang'ania shamba, iandikwe kiwango cha juu ambacho shamba linadhamini, na sharti la kuliachilia deni likipungua hadi kiasi mtakachokubaliana. Mzee awe na wakili wake mwenyewe, si wako wala wa benki. Halafu omba kipindi cha neema, yaani muda wa kutolipa deni lenyewe, kinachomaliza ujenzi na kuvuka msimu wako wa kwanza, na upange kufungua Julai.