Moshi hadi Tanga kwa baiskeli: mteremko usikudanganye

SWALI: Shikamoo fundi. Nina miaka 26, naishi Moshi. Mwezi wa Julai nataka kuendesha baiskeli yangu ya milimani kutoka Moshi hadi Tanga, nipande na Lushoto njiani, halafu nirudi kwa basi. Wenzangu wanasema nimechagua vizuri kwa sababu Moshi iko juu na Tanga iko baharini, kwa hiyo njia nzima ni mteremko. Baiskeli ni ya mtumba, ina breki za diski za oili. Ya nyuma ilikuwa inapiga kelele, fundi wa hapa mtaani akaipaka oili kidogo kwenye diski, kelele zikaisha. Naomba kujua: matairi nijaze upepo kiasi gani, na nibebe maji lita ngapi?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Matairi na maji nitakujibu kwa ufupi baadaye, kwa sababu sivyo vitakavyokuumiza. Umetaja mambo mawili kwa kupitia tu, mteremko na ile oili, na hayo ndiyo yaliyonifanya niweke spana chini.

Tuanze na mteremko. Ni kweli Moshi iko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari. Lakini barabara ya kwenda Tanga ina kilomita kama 350. Gawanya uone: kwa kila kilomita moja unashuka mita mbili na kitu. Tuseme wewe, baiskeli na mzigo wako mna kilo 100 kwa jumla. Kwa mwinamo huo, mteremko unakuvuta mbele kwa nguvu isiyofika hata uzito wa pakiti ya sukari ya robo kilo. Basi, hakuna zaidi. Na hiyo ni kwa wastani, maana barabara yenyewe ina vilima vyake vya kupanda na kushuka kama barabara nyingine yoyote.

Kinachoamua safari ya kwenda bila kurudi ni upepo, na karibu kila kijana anayekuja kwangu na ramani kwenye simu anausahau. Anayekwenda na kurudi kwa njia ile ile hulipwa mchana alichonyang'anywa asubuhi. Wewe hutalipwa. Ukikosea upande, umekosea safari nzima.

Julai ni msimu wa kusi. Upepo huo unatoka kusini-mashariki, na barabara yako kutoka Moshi inaelekea kusini-mashariki, ikipita chini ya milima ya Upare na ya Usambara huku upande wa pili ni nyika tupu. Utaupokea kifuani kuanzia Mwanga hadi Korogwe. Hebu fanya hesabu hii pia. Ukienda kilomita 15 kwa saa siku ya utulivu, hewa inakupinga kidogo. Ukikutana na upepo wa kilomita 15 kwa saa usoni, mwili wako unapambana na hewa ya kilomita 30, na ukinzani hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Kwa mtu aliyekaa wima kwenye baiskeli ya milimani, nyongeza hiyo ni zaidi ya kilo moja inayokurudisha nyuma. Robo kilo inakuvuta mbele, kilo na zaidi inakurudisha. Hapo ndipo watu wanapofika Mkomazi wamechoka mpaka wanapanda lori, wakidhani hawana mazoezi.

Wazee wa pwani waliyajua haya kabla ya ramani za simu. Majahazi yalikuja kutoka Arabuni kwa kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, na kurudi kwa kusi. Hakuna nahodha aliyetweka tanga Januari kuelekea Maskati.

Kwa hiyo geuza safari. Panda basi Moshi, baiskeli ikiwa kwenye buti, shukia Tanga, ulale, alfajiri uanze kuelekea nyumbani na kusi mgongoni. Zile mita 800 utakazopanda zimetawanyika kwenye kilomita 350, hutazisikia. Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii: basi linakuwa mwanzoni, wakati una nguvu na tarehe unaijua. Anayemaliza kwa basi ana tiketi inayomsubiri, na ile tiketi humfanya aendeshe usiku au ashuke mlima kwa haraka. Anayeendesha kwenda kwake akichelewa siku moja, amechelewa tu. Ungekuwa unasafiri Januari, wakati wa kaskazi, ningekuambia upande wowote ni sawa, maana upepo huo unakupiga ubavuni uendako kokote.

Siku ya kwanza fika Korogwe, kilomita 90 na kitu, ukipita Muheza na Segera. Siku ya pili hadi Mombo ni kifupi, ili uwe na nguvu ya zile kilomita 33 za kupanda Lushoto kwa kupitia Soni. Pumzika huko siku nzima. Kutoka Mombo hadi Same ni zaidi ya kilomita 100 za jua na kivuli kidogo. Hapo ndipo utabeba maji lita nne, kwingine lita mbili zinatosha kwa sababu vijiji vipo. Panga siku tano, na moja ya akiba. Matairi: psi 40 kwenye lami, shusha hadi 30 ukiingia barabara za vumbi za Usambara. Usiyajaze mpaka yawe jiwe.

Sasa breki. Mombo iko chini kabisa ya mlima na Lushoto iko kama mita 1,400. Utakaposhuka, unashusha kilo 100 kwa mita 1,000 hivi. Nguvu hiyo haipotei, inageuka kuwa joto. Kama yote ingeingia kwenye breki, ingetosha kuchemsha lita tatu za maji. Sehemu inachukuliwa na hewa, lakini ukishuka polepole huku umeshika breki muda wote, karibu yote inaishia kwenye vidiski viwili vyembamba kuliko sarafu na pedi nne ndogo kama kucha. Huo ndio mteremko mnaousubiri kama zawadi! Kupanda kunachosha, lakini ukichoka unasimama. Kushuka ndiko kunakovunja watu.

Na wewe utashuka na pedi zilizopakwa oili. Sikiliza vizuri: kelele ziliisha kwa sababu breki imeacha kukamata. Pedi hunyonya oili ndani kama sponji, na hakuna kuisafisha ikarudi kama ilivyokuwa. Wapo wanaoichoma kwa moto, wapo wanaoisugua kwa msasa. Kwenye uwanja wa mpira itakamata, kwenye kona za Soni ikipata joto oili inatoka tena. Tupa pedi za nyuma, nunua mpya, safisha diski kwa spiriti na kitambaa kisafi, usiiguse kwa vidole. Kisha zikalishe: kimbia, funga breki karibu usimame, achia, rudia mara ishirini. Kelele mara nyingi ni vumbi, au kalipa, kile chuma kinachoshika pedi, iliyokaa upande. Inatengenezwa kwa kulegeza bolti mbili, kushika breki, na kukaza tena. Dakika tano. Aliyekupaka oili hakutaka kutumia dakika tano.

Wiki hazipiti bila kuletewa baiskeli ya namna hii. Kuna kijana aliletwa kwangu akiwa amechunika mikono yote miwili, baiskeli ikiwa imejazwa oili ya breki za gari kwa sababu aliambiwa breki oili ni breki oili. Si kweli. Breki za Shimano hutumia oili ya madini, na nyingine hutumia DOT kama magari. Ukichanganya, mipira ya ndani ya breki huvimba na kuoza, na siku moja mkono wa breki unakwenda hadi kwenye usukani bila kitu kutokea. Juu ya kifuniko cha mkono wa breki pameandikwa kama ni Mineral Oil au DOT. Fundi asiyesoma hapo kabla ya kufungua chupa, mnyang'anye baiskeli yako uondoke. Na kwa mtumba hujui mwenye nayo wa kwanza aliibadilisha lini. DOT hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, ikipata joto inachemka mapema, na mvuke haufungi breki. Badilisha oili yote kabla ya safari.

Jambo jingine linanikera zaidi kwa kuwa linapitishwa kama hekima, kwamba breki ya mbele itakupindua, kwa hiyo itoe au iache ilegee. Baiskeli ngapi nimeziona mjini na vijijini hazina breki ya mbele kabisa! Unaposhuka, uzito wako wote unaelekea mbele. Gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, ukilifunga linateleza, na ukilitegemea peke yake pedi zake zinaungua. Ya mbele ndiyo inayokusimamisha, ila iminywe taratibu, makalio yakiwa nyuma ya siti na mikono imelegea. Kwenye barabara iliyonyooka achia, hewa ikupunguze na diski zipoe. Kabla ya kona funga zote mbili kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha achia tena. Usizishike nusunusu kutoka Lushoto hadi chini. Simama Soni, na usiguse diski kwa kidole kujua kama ina moto.

Basi pia linaweza kuipinda diski kwenye buti. Toa magurudumu, weka kipande cha kadibodi katikati ya pedi ili asiyejua akibonyeza mkono wa breki zisigandane, na kaa na magurudumu yako ndani ya gari kama utaruhusiwa. Ukifika Tanga, kabla hujafunga mzigo, minya kila breki kwa nguvu zako zote na uhesabu hadi thelathini. Mkono ukibaki palepale, anza safari. Ukizama taratibu kuelekea usukani, oili inavuja au kuna hewa ndani, na unatafuta fundi hapo hapo Tanga hata kama itakugharimu siku ya akiba.