Kwa binti anayetaka kusomea mashimo meusi

Makala yangu ya kwanza ya utafiti imekubaliwa na jarida, na tangu nitangaze habari hiyo ujumbe haukatiki. Mmoja umenigusa. Binti wa mwaka wa tatu anauliza: “Kaka, mtu asiye na darubini atachunguzaje shimo jeusi?”

Mdogo wangu, swali hilo mwalimu mmoja aliniuliza mbele ya darasa zima ili wanicheke, na bado linaniuma. Mwanafizikia Schwarzschild alichapisha mwaka 1916 suluhisho lake la milinganyo ya Einstein ya mvutano, alilolipata kwa kalamu; linaeleza shimo jeusi lisilozunguka. Sisi wa hisabati tunauliza: shimo hilo likitikiswa kidogo, litatulia? Wanafizikia Regge na Wheeler walilishika swali hili mwaka 1957. Hatua ya kwanza ni kuthibitisha kwamba wimbi dogo linalopita karibu na shimo hufifia kadiri muda unavyokwenda.

Wenzangu walirukia shimo la Kerr, lile linalozunguka. Mimi nilianza na mlinganyo wa mawimbi wa uzi wa gitaa, nikajifunza kupima nishati yake mpaka ikanikaa mkononi. Nilipofika kwenye shimo la Schwarzschild, ugumu ulikuwa sehemu mbili. Kwenye umbali wa mara moja na nusu ya nusukipenyo cha shimo, mwanga unaweza kuzunguka bila kutoka, kwa hiyo wimbi hukawia hapo. Kisha pale mpakani, pasiporudi kitu, kipimo cha kawaida cha nishati hudhoofika. Wanahisabati Dafermos na Rodnianski walionyesha njia: mwanga unaong'ang'ania mpakani huvutika kuelekea wekundu, yaani mawimbi yake hurefuka, na kupoteza nguvu, na upotevu huohuo ndio unaolidhibiti wimbi. Siku nilipoielewa hoja hiyo sikulala kwa furaha.

Basi anza na nishati. Usiruke. Mwaka 2022 Giorgi, Klainerman na Szeftel walitoa uthibitisho wa kurasa zaidi ya 900 kwamba mashimo yanayozunguka polepole hutulia yakitikiswa, na ndani yake nishati inapimwa tena na tena. Anayekudharau kwa kuanzia kwenye uzi haijui kazi hii. Na akikudharau kwa kuwa binti, mwambie kuhusu mwanahisabati Yvonne Choquet-Bruhat wa Ufaransa: mwaka 1952, akiwa na miaka 28, alithibitisha kwamba milinganyo ya Einstein ina masuluhisho, kwa kuigeuza kuwa milinganyo ya mawimbi.

Mashimo yanayozunguka kwa kasi bado yana kazi nyingi. Notsi zangu za nishati nitakutumia. Fanya maswali yote, kisha niandikie ulipokwama.