Siku tuliporuhusiwa kuvua sweta

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama sare za shule za kwetu zinaendana na hali ya hewa. Mimi ni fundi cherehani, nipo Mtwara mjini, nashonea barazani Chikongola, na jibu langu fupi ni hapana. Haziendani, na huyo aliyeandika kwenye fomu ya kujiunga kidato cha kwanza kwamba mtoto aripoti Januari na sweta la mikono mirefu, tai na soksi za kufika magotini, sijui siku hiyo alikuwa amekaa wapi. Labda Makete. Ningekuwa na madaraka, hilo sweta lingeondoka kesho asubuhi kabla ya kengele ya mstarini.

Nilitaka niishie hapo nirudi kwenye cherehani. Nimeshindwa, maana swali lenyewe limenigusa pabaya.

Wasomaji wa Njombe na Arusha niwaeleze kidogo. Kwetu mvua za mwaka mzima zinakuja kwa mkupuo mmoja, Desemba mpaka Aprili, na ndiyo miezi ya joto na kaskazi. Shule zinafunguliwa katikati ya hapo. Ukifua sweta Ijumaa jioni, Jumatatu kwapani bado bichi. Halafu kuna jua. Huku tulipo jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mara moja Oktoba ikielekea kuisha na mara ya pili Februari. Mwalimu wetu wa jiografia alitutoa nje saa sita mchana tulione hilo kwa macho: ukisimama wima hukioni kivuli chako, umekikanyaga. Somo zuri, nalikumbuka mpaka leo. Alitutoa tukiwa na masweta.

Lakini niseme na upande wa pili, kwa sababu kwetu hasa ni Newala. Newala iko juu, kwenye uwanda, na Juni na Julai ukienda kusimama ukingoni, pale Shimo la Mungu, asubuhi huoni bonde la Ruvuma, unaona ukungu tu, na watu wote wamejifunga vitenge mabegani kama wagonjwa. Mtoto wa kule analitaka sweta. Mkoa ni huu huu mmoja, fomu ni hiyo hiyo, maneno yale yale yamepigwa chapa. Kwa hiyo nikisema liondolewe nasemea huku chini, kwenye chumvi. Wa Newala wasinitukane.

Sasa niwasimulie mahafali ya mwaka 1998.

Nilikuwa kidato cha pili, nimeshushwa kutoka Newala kuja kukaa kwa mama mdogo hapa mjini, yeye ndiye aliyenifundisha huu ufundi. Mtakaokumbuka, mwaka ule ulianza na mvua za El Niño. Daraja la Mkapa lilikuwa bado, tunavuka Rufiji kwa kivuko, na barabara ya Dar ilikatika kwa miezi. Sukari ilipanda, sabuni ilipanda, na kitambaa cheupe cha mashati kikaadimika madukani kabisa. Wakati huo tulikuwa tunavaa popilini, pamba, kitambaa kizuri kwa joto, ila kina udhaifu mmoja: jasho linakila. Ukivaa sweta juu yake kutwa, mgongo unaloa, unakauka, unaloa tena, na ukifika nyumbani unasugua kwa sabuni ya mche mpaka vidole vinauma. Shati langu la kidato cha kwanza lilianza kufa mgongoni Machi. Kufika Agosti mgongo ulikuwa wavu wa dagaa.

Mama mdogo hakulitupa. Alikaa nalo barazani, akalitandika mapajani, akalitazama upande huu na upande huu kama mtu anayechambua samaki. Kisha akachukua mkasi. Akakata kola, akakata kifua mpaka kifungo cha nne, akakata na vikofi vya mikono. Kilichobaki kikawa kitambaa cha kufutia meza. Vile vipande akavishona moja kwa moja ndani ya sweta langu: kola ikatokeza shingoni, vikofi vikatokeza viganjani, tai ikafunika pale kifua kilipoishia. Akanivalisha, akanizungusha, akasema, "Haya, mwanafunzi kamili." Na kweli kwa nje nilikuwa mwanafunzi kamili, niliyenyooka kuliko wengi. Kwa ndani nilikuwa na sidiria tu na nyuzi za sweta zinazowasha kama upupu.

Nilivaa hivyo Septemba yote. Nilijifunza kukaa upande wa dirisha. Nilijifunza kutokunyoosha mkono sana darasani, sweta lisije likapanda. Baba alikuwa ameniahidi shati jipya korosho zikiuzwa, na korosho msimu wake ndiyo unaanza Oktoba, fedha yenyewe inakuja baadaye.

Mahafali ya kidato cha nne yakafika, Oktoba, jua la utosini lile. Mimi nilikuwa kwaya. Turubai lilikuwa la meza kuu na wazazi. Kwaya ilisimama juani kwa sababu ndipo tulipoonekana vizuri. Mgeni rasmi alichelewa, ndiyo kawaida yao, tukasimama kama saa moja na nusu kabla gari halijaingia. Risala ikasomwa. Shule haina maji, shule haina nyumba za walimu, maabara haina vifaa, tunaomba, tunaomba. Tukaimba wimbo wetu beti zote. Pembeni yangu alisimama msichana wa kidato cha tatu, sauti ya pili, jasho linamdondoka kidevuni tone tone mpaka limelowesha tai.

Mgeni rasmi alipoinuka kuzungumza alikuwa na suti. Alisoma ukurasa mmoja, akajifuta uso. Akasoma wa pili, akaweka karatasi chini, akavua koti mbele ya watu wote, akalitundika kwenye kiti. Watu wakapiga makofi. Akatutazama sisi kwaya, akatuonea huruma, huruma ya kweli, sina la kumsema, akasema kwenye kipaza sauti: "Jamani, wanangu, mbona mnakufa kwa joto? Vueni hayo masweta. Mkuu wa shule, nimewaruhusu." Mkuu wa shule akacheka, akatikisa kichwa kukubali.

Hakuna aliyevua.

Mimi najua kwa nini sikuvua. Nilitazama mbele kwenye mti wa mwembe nikasema moyoni, Mungu wangu, wakianza wenzangu nimekwisha, nitabaki peke yangu na watauliza. Nikasubiri wenzangu waanze. Nikageuza jicho kwa yule wa sauti ya pili. Naye ananitazama mimi. Mikono yake ameishika pindo la sweta, analivuta kwenda chini. Kwenda chini! Nikatazama mstari wa mbele, wavulana, wavulana ambao kila siku walichapwa kwa kulifunga sweta kiunoni: wametulia kama nguzo. Watatu hivi tu ndio waliovua, nawakumbuka, mmoja mtoto wa daktari na wengine wawili wa bandarini, mashati yao meupe pe, wakaona wenzao hatujavua, wakaona haya, wakavaa tena.

Mgeni rasmi akasema tena, vueni tu msiogope. Kimya. Ndipo mkuu wa shule akasimama, akachukua kipaza sauti, akasema kwa furaha ambayo sijawahi kuisahau: "Mheshimiwa, hii ndiyo nidhamu ya shule yetu." Makofi. Wazazi wakasimama kwa makofi. Mama mdogo alikuwa katikati yao na yeye anapiga makofi, na anajua.

Nimeshona mashati tangu nilipomaliza shule na bado siku ile narudi kwayo. Baadaye bwenini na njiani sababu zilitoka moja moja. Huyu shati lake limechanika kwapani, yule amevaa la kaka yake lenye nembo ya shule nyingine, mwingine hakuwa na shati kabisa, alivaa fulana ya msibani imeandikwa jina la marehemu mgongoni. Yule wa sauti ya pili aliniambia akiwa kidato cha nne, tunakula ming'oko ya kuchemsha njiani. Lake lilikuwa na damu ambayo haikutoka. Nikamwonyesha langu. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Naona nimeandika sana. Lakini ndiyo maana siwezi kulijibu swali lenu lilivyoulizwa. Mmeuliza habari za joto. Mimi joto nalijua, na siku ile tuliruhusiwa kulikwepa tukakataa.

Niwaambie na ya kitambaa, hili ni la kifundi na nina uhakika nalo. Sweta mnalilaumu, ila shati la siku hizi ni tetroni, kitambaa cha nyuzi za plastiki. Tetroni halichakai upesi, halihitaji pasi sana, mama anayenunua moja kwa mwaka atalichagua na mimi nitamshauri hivyo hivyo. Lakini halinywi jasho. Ukivua sweta ukabaki na tetroni saa sita mchana wa Februari bado umejifunga mfuko wa nailoni. Pamba inalimwa Shinyanga na Simiyu, nyingi inasafirishwa ghafi, na watoto wetu tunawavika plastiki. Anayetaka kuzungumzia hali ya hewa aanzie hapo. Halafu asogee kwenye viatu vyeusi vya kufunika, kwenye mchanga wetu huu, ambavyo sitavigusa maana sitamaliza.

Mtasema tangu 2016 elimu haina ada. Ni kweli, nashukuru, nina watoto. Sare lakini ni ya mzazi. Mzazi wa huku fedha yake ni ya korosho, na korosho haifuati kalenda ya shule. Msimu wa 2018 serikali iliponunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei nzuri, malipo yaliwachelewa wengi, na Januari 2019 daftari langu la madeni lilijaa mpaka jalada la nyuma. Watu waliniletea fomu na kuniambia, fundi, anza na sweta, shati tutaona. Mimi sifumi sweta, nawaelekeza kwa mama mmoja mwenye mashine ya kufuma. Nikajiuliza kwa nini waanze na sweta, kitu cha joto, na ndani hakuna kitu. Kisha nikajicheka. Nilikuwa naijua sababu kuliko wao.

Kuna wanaopendekeza sweta liwe hiari. Neno tamu, na nilipoanza kuandika ndilo nililokuwa nalielekea. Sasa nalitazama silipendi. Likiwa hiari, Februari ile, darasa zima limevua na wawili watatu wamelivaa, hao wawili watatu tayari wameshatangazwa. Siku ile ya mahafali kilichotuokoa ni kwamba tulikuwa wengi.

Kwa hiyo mkihesabu kura, yangu mwiweke upande wa libaki. Najua nilivyoanza. Libaki kwa huku pwani mpaka pale kila mtoto atakapokuwa na mashati mawili yenye mgongo, kisha liondoke lote siku moja, kwa wote, bila kumbakiza hata kiranja. Na lisivaliwe juani kwenye mahafali, hilo halihitaji waraka wa wizara, linahitaji turubai la pili. Na mkumbuke mimi nauza mashati, kwa hiyo maneno ya mashati mawili myapime. Na Newala waulizwe wenyewe, Julai.

Wakati naandika haya mwanangu ametoka shule, sweta liko kiunoni kama kawaida yake, nimeshachoka kumsema. Nimemuuliza: darasani kwenu nani havui sweta? Akafikiri kidogo. Akasema yupo mmoja, anakaa naye dawati moja, yeye hasikii joto.

Nimemwambia Jumamosi aje naye hapa barazani wacheze. Aje saa nne, kabla wateja hawajawa wengi. Nina kipande cha mita moja na nusu kimebaki, na kwa macho, mtoto wa kidato cha kwanza, kinatosha.

Fundi wa Chikongola, Mtwara