Siku ya michezo chekechea: msiwapange foleni watoto

Mwaka wangu wa pili kufundisha chekechea hapa Dar es Salaam nilikabidhiwa siku ya michezo. Nikaipanga kama nilivyoikumbuka ya shule ya msingi niliyosoma mwenyewe: mbio za mita 50, kuvuta kamba, magunia, ndimu kwenye kijiko, na washindi watatu kuvishwa medali mbele ya wazazi. Tulianza saa nne asubuhi. Watoto walikuwa 62, wakikimbia sita sita, na waliobaki wote wakakaa kwenye mstari juani kungoja zamu. Kufika saa tano na nusu watatu walikuwa wamejikojolea, maana mtoto wa miaka mitatu akiambiwa "usitoke kwenye mstari" na mwalimu anayempenda, hatoki.

Binti mmoja wa miaka minne alikuwa anaongoza mbio zake. Katikati ya uwanja akamwona mama yake kwenye viti, akasimama, akampungia mkono. Akabaki pale anatabasamu huku wenzake wakimpita. Watu wakacheka, na mtu akapaza sauti, "Kimbia wewe, unapitwa!" Tabasamu likamtoka usoni pole pole, akawa anaangalia chini. Jumatatu baba yake akanipigia: "Mwalimu, huyu mwanao leo amegoma kuvaa viatu. Anasema shuleni kuna mbio."

Tangu hapo nimepanga siku za michezo tisa, na kila ninapokaa na walimu wenzangu tuanze, swali langu la kwanza ni hili: kila mtoto atasubiri dakika ngapi? Mchezo uwe mzuri vipi, kama unamkalisha mtoto dakika ishirini ili acheze sekunde kumi, tunautoa.

Kwa hiyo hatuna tena mchezo mmoja unaotazamwa na uwanja mzima. Tuna vituo sita vinavyokwenda kwa pamoja, kila kimoja na mtu mzima asiyeondoka pale. Watoto wanazunguka kwa makundi ya wanane hadi kumi, kila kundi na utepe wa rangi yake mkononi. Baada ya dakika kumi ngoma inalia, kundi linahamia kituo cha pili. Nasisitiza ngoma, kwa sababu kipenga huwashtua wale wadogo kabisa na wengine huanza kulia kabla hata ya kucheza. Tunaanza saa mbili kamili, na saa tatu na robo kila mtoto ameshapita vituo vyote na yuko kivulini na kikombe chake cha uji. Mwezi wetu ni Julai: masika imekwisha na joto la Dar limepungua.

Kituo kinachopendwa kuliko vyote hakitugharimu kitu. Tunachukua shuka kubwa la kitanda, watoto wanane wanalishika pembeni kwa mikono miwili, katikati tunaweka mipira ya soksi. Nikisema "upepo mdogo" wanalitikisa taratibu. Nikisema "upepo wa bahari" mipira inaruka hadi juu ya vichwa vyao na kelele zinasikika barabarani. Hapa hakuna wa kwanza wala wa mwisho, na yule mtoto mwenye haya, ambaye huwezi kumshawishi akimbie peke yake mbele ya watu, hapa ameshika ncha yake kama wenzake na anacheka. Mkiweza kuandaa kimoja tu, andaeni hiki.

Magunia yanafaa, ila si yale ya kilo 100. Mtoto wa miaka minne anazama humo akaangukia uso. Tafuteni viroba vya kilo 25 vya unga au mchele, mkunje mdomo mpaka umfike mtoto kiunoni, na waruke kwenye majani au mchanga, kamwe si kwenye sakafu ya saruji. Badala ya ndimu na kijiko, mpeni upawa na kiazi kidogo. Atakayekifunika kiazi kwa mkono wa pili, mwacheni. Ndiyo akili yake imemwonyesha njia ya kukifikisha.

Matairi ya kutambalia ndani yaoshwe kwa sabuni siku moja kabla, na mpitishe mkono taratibu kuangalia nyaya zilizochomoza. Mistari ichoreni kwa maranda ya fundi seremala. Chokaa ikiingia machoni inaunguza, na watoto hawa lazima waiguse, kisha wajisugue macho. Kituo kimoja kiwe cha kupumzikia chini ya mti. Kwetu ni mwarobaini, na hapo tunacheza nyama nyama. Mtu mzima anataja mnyama, watoto wanaruka kama analiwa, wanatulia kama haliwi. Tukifika kwa sungura huwa kuna ubishi, na tunauacha uendelee.

Kuvuta kamba nimekuondoa moja kwa moja. Kiwiko cha mtoto aliye chini ya miaka mitano huteguka kirahisi mkono ukivutwa kwa nguvu. Kwa sababu hiyo hiyo nawaomba wazazi wasimkokote mtoto kwa mkono mmoja ili awahi mstari.

Mbio zimebaki za aina moja: mita 15, na mwishoni mzazi amechuchumaa, mikono wazi. Mtoto mdogo haelewi kwa nini akimbilie mstari, ila mama au babu yake atamkimbilia kwa moyo wote. Sasa, wapo ambao hakuna atakayekuja. Mama yuko sokoni, baba yuko zamu. Ijumaa tunakaa na daftari kuandika nani atampokea nani, jina kwa jina, na wale wasio na mtu tunawauliza wenyewe wangependa nani. Mwaka jana wanne walimtaja dada anayepika uji. Akavua aproni, akaja kuchuchumaa mara nne.

Kuna mwaka tulikuwa na mtoto mwenye ualbino. Mwenzangu mmoja alishauri akae darasani na vitabu vya picha. Nilikataa. Tulisogeza vituo vyote sita vikafuata kivuli cha jengo, mtoto akavaa kofia pana na mikono mirefu, akacheza kila mchezo. Tangu hapo vituo vimebaki kivulini, na watoto wote wamefaidika.

Wazazi wengine hawapendi siku isiyo na mshindi. "Mwalimu, bila wa kwanza ni michezo gani?" Huwa nawajibu kwa heshima kwamba UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi Tanzania, inawangoja watoto wakifika huko, watashindana mpaka watosheke. Huku kazi yetu ni mtoto aupende mwili wake ukiwa unakimbia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linataka mtoto wa miaka mitatu au minne apate angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kila siku, na dakika 60 kati ya hizo ziwe za kutoka jasho hasa. Mtoto aliyeanza kuogopa uwanja atazipata wapi? Wazazi wanaotaka ushindani tunawapa mbio zao baada ya uji, kwa magunia ya kilo 100, na watoto ndio wanaoshangilia.

Maji yawe kila kituo, choo kiwe wazi na mtu wa kusindikiza. Pipi na karanga tunazikataza mpaka watoto wakae chini, maana mtoto anayekimbia na kitu mdomoni hupaliwa. Zawadi ni utepe ule ule aliovaa mkononi, na chungwa la Muheza lililokatwa vipande vinne.

Jumatatu yake sifanyi kikao. Nasimama dirishani wakati wa mapumziko nikiwa na daftari, naangalia wanacheza nini bila kuambiwa na mtu. Mwaka jana walikuwa wameomba kanga ya dada wa jikoni, sita wameishika pembeni, na mdogo wao mmoja anaita, "Upepo wa bahari!" Mchezo huo nikauandika wa kwanza kwenye orodha ya Julai ijayo.