Kabla hujasaini kitabu cha Waunitariani

Ukihamia Boston au vitongoji vyake, kuna kanisa litakalokuvuta: la mbao, jeupe, mnara mrefu, liko katikati kabisa ya mji. Kibaoni pameandikwa First Parish. Mtu aliyelelewa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, kama mimi akiona mnara na kusikia kinanda anaingia akijua kafika nyumbani. Sivyo. Makanisa mengi ya aina hiyo hapa Massachusetts yalianzishwa na Wapuritani, Waprotestanti wakali waliohamia huku kutoka Uingereza. Mwanzoni mwa karne ya 19 washarika waligombana juu ya Utatu, na majengo mengi ya zamani yakabaki kwa wale waliosema Mungu ni mmoja, hana nafsi tatu, yaani Waunitariani. Hata lile la mawe la Quincy, walikozikwa marais wa Marekani John Adams na mwanawe John Quincy Adams, ni la kwao mpaka leo.

Nasali kwao kwa muda sasa, na Watanzania wenzangu hawaachi kuniuliza: hao watu wanaamini nini hasa? Ushauri wangu ni kwamba usianze na swali hilo, maana halitakufikisha popote. Uliza wameahidiana nini, na nani atakuja kwako ukifiwa.

Sababu yenyewe ni hii. Benchi moja wanakaa mama anayemwomba Mungu, mzee anayefuata Ubuddha, na profesa asiyeamini Mungu yupo. Imani ya Mitume haikaririwi. Somo la leo linaweza kutoka Isaya, la wiki ijayo likawa shairi. Mwanzoni mwa ibada unawashwa mwali wa moto ndani ya kikombe. Alama hiyo ilichorwa mwaka 1941 na Hans Deutsch, msanii aliyekuwa amewakimbia Wanazi, kwa ajili ya kamati ya Waunitariani iliyokuwa Lisbon ikisaidia wakimbizi. Kamati ilihitaji nembo ya kuweka kwenye karatasi zake. Halafu kuna kipindi cha furaha na huzuni: mtu anakwenda mbele, anawasha mshumaa, anasema mtoto wake kafaulu au dada yake ana saratani. Kwangu hicho ndicho kiini cha ibada yote. Ni kama maombi yetu ya mahitaji, ila mtu akimaliza kusema panakuwa kimya, na ule ukimya mwanzoni utakusumbua. Mimi bado nasema amina, kwa sauti ya chini.

Ukiikosa liturujia, nenda King's Chapel, katikati ya Boston. Mwaka 1785 James Freeman alikichukua kitabu cha sala cha Kianglikana akakata maneno ya Utatu, na usharika ule umebaki na kitabu chake cha sala na Meza ya Bwana hata leo. Mgeni kutoka kwetu hapati shida pale.

Jambo jingine: ukisikia mtu ni Muunitariani, uliza wa wapi. Wa Transilvania, ndani ya Romania, wana askofu, wanashiriki Meza ya Bwana mara nne kwa mwaka, na wanahesabu historia yao tangu 1568, bunge la Torda liliporuhusu kila mhubiri ahubiri Injili kama anavyoielewa. Kiongozi wao Dávid Ferenc alikufa gerezani mwaka 1579 hata hivyo. Katika milima ya Khasi, kaskazini mashariki mwa India, Hajom Kissor Singh aliwaacha wamisionari wa Wales na kuanzisha ibada ya Mungu mmoja huko Jowai mwaka 1887, na hakuwa ametumwa na mtu. Ukimweleza Mkhasi kwamba huku Boston kuna Muunitariani asiyeamini Mungu, atakushangaa. Karibu na kwetu, Fulgence Ndagijimana aliyeanzisha usharika wa Bujumbura alikamatwa mwaka 2015, akaachiwa, akaishia Kanada.

Utasikia pia jina la Wauniversalisti. Wao walikuwa kanisa jingine. Walifundisha kwamba mwisho wa yote Mungu atawaokoa watu wote, hakuna moto wa milele. Waliungana na Waunitariani wa Marekani mwaka 1961. Fundisho hilo la wokovu wa wote ndilo lililomkera baba yangu kuliko suala la Utatu. Alisema kwenye simu: sasa watu wataogopa nini? Nikamwambia hata mimi nimejiuliza, na nikamwachia hapo. Na wewe ukiwaeleza wazee nyumbani, anza na upendo wa Mungu, jehanamu iache hadi waulize wenyewe.

Kwenye fedha hutapotea, kwani ahadi ya mwaka ipo kama kwetu, tofauti tu ni kwamba hakuna anayesoma majina mbele ya usharika. Mchungaji hapangwi na dayosisi. Washarika wanamsikiliza, wanapiga kura, wanamwita. Ukisaini kitabu cha uanachama kwa kawaida unapata kura hiyo, kwa hiyo kwanza omba usome agano lao, yaani yale waliyoahidiana, kisha uhudhurie mkutano wao mkuu japo mmoja. Hapo utaona wanavyokosoana juu ya bajeti bila kununiana, au wanavyonuniana. Ujue pia kwamba umoja wao unaunga mkono ndoa za jinsia moja, msimamo waliouweka rasmi mwaka 1996, na bendera ya upinde wa mvua iko nje mlangoni. Likikukwaza, ni vizuri lijulikane siku ya kwanza.

Nilipofiwa, usharika uliniletea kadi na vyakula vilivyofunikwa kwa foili, kwa ratiba, kila siku mtu wake. Waliofika usiku uleule, wakakaa mpaka alfajiri, wakaandika daftari la michango ya kusafirisha mwili, ni kikundi chetu cha Watanzania. Nimewahitaji wote. Kwa hiyo usihame kwenye ibada ya Kiswahili ya Jumapili jioni kwa sababu umepata kanisa la asubuhi, na michango ya kikundi endelea kulipa.

Na kama unasoma haya mwezi Julai, subiri kidogo. Sharika nyingi hupoa kiangazi, mchungaji yuko likizo. Nenda Septemba, wanapofungua mwaka kwa ibada ya maji, desturi iliyoanzishwa na wanawake wao mwaka 1980. Kila mtu anakuja na maji kidogo kutoka alikokuwa, yanamiminwa katika bakuli moja. Ya bombani yanakubalika.