Klachi za Kukatia Kona Zimelowa Grisi: Maswali na Majibu

Nikisukuma udongo, buldoza langu la zamani linavutia kulia lenyewe. Nimeambiwa klachi imelowa grisi. Nitajuaje?

Likinyooka likiwa tupu, likavutia kulia likipata mzigo, basi klachi ya kulia inateleza (kila mnyororo una klachi yake ya kukatia kona, nayo hufanya kazi ikiwa kavu). Mnyororo wa kulia unakosa nguvu, wa kushoto unaendelea kusukuma. Ila usikimbilie kulaumu grisi. Vuta kidogo mkono wa klachi hiyo: lazima ucheze kabla haujaanza kukaza. Usipocheza, klachi haifungi sawasawa, na hata ikiwa kavu kama mfupa itateleza. Ukicheza vizuri, ingia chini ufungue plagi ya chemba ya klachi. Chemba isiyo na hitilafu haitoi kitu cha maana. Ukitoka uji mweusi unaovutika kama ulimbo, jibu umelipata.

Naweza kuosha bila kufungua klachi? Petroli inafaa?

Kuosha unaweza, petroli hapana. Mle ndani vyuma vinasuguana, na mvuke wa petroli hauhitaji cheche kubwa. Tumia mafuta ya taa. Dizeli nayo inaosha, lakini huacha utando wa mafuta, nawe mafuta ndiyo unayoyakimbia.

Mwaga uchafu wote, rudisha plagi, mimina mafuta ya taa mpaka sehemu ya chini ya pleti (sahani za klachi zinazobanana) izame. Tembeza mashine polepole mbele na nyuma kwa dakika chache, bila kukata kona wala kusukuma kitu. Kisha simama, uache gia imeingia na uvute mikono yote miwili. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaosha klachi ikiwa imefunga, mafuta ya taa yanapita nje tu. Ukivuta mikono, pleti zinaachana na mafuta yanaingia katikati yake. Baada ya hapo mwaga kabla uchafu haujatulia. Rudia mpaka yatoke meupe. Mara ya tatu si ajabu. Mwisho zima injini, funga mikono kwa kamba ikiwa imevutwa, acha plagi wazi usiku kucha. Usifanye kazi kabla harufu haijaisha.

Na breki?

Kwenye mashine nyingi za aina hii bendi ya breki imezunguka dramu ya klachi yenyewe, kwa hiyo zinaoga pamoja. Lainingi (kitambaa cha kusugua cha bendi) iliyokunywa oili miaka mingi haiponi. Ukiipasha moto itatoa oili tena na tena. Badilisha. Lainingi za zamani nyingi zina asbesto, kwa hiyo vumbi lake usilipulize kwa hewa ya kompresa. Lipanguse kwa kitambaa kilicholowa.

Niliosha vizuri, wiki mbili baadaye ikaanza tena.

Uliosha sakafu, paa bado linavuja. Oili inapita kwenye sili (mpira wa kuzuia oili), ama upande wa giaboksi ama wa fainali, yaani gia za mwisho zinazozungusha mnyororo. Pima oili ya sehemu zote mbili, uone ipi inapungua. Kabla ya kununua sili, angalia kipumulio cha giaboksi, yaani tundu la kutolea hewa. Kikiziba, presha hupanda ndani na kuisukuma oili hata kwenye sili isiyo na hitilafu. Kujaza oili kupita alama huleta matatizo yale yale. Mimi huanza na kipumulio kila mara, kwa sababu kukisafisha ni kazi ya dakika kumi, na kubadilisha sili ni kazi ya siku kadhaa mgongo ukiuma.

Yangu klachi zake zinaogelea kwenye oili. Nioshe hivyo hivyo?

Usiguse! Hizo zimeundwa kufanya kazi ndani ya oili. Zikiteleza, anza na kiwango na aina ya oili, kisha filta.