Bomba la kahawia lina kazi gani?

SWALI: Daktari mwanangu, nakaa Ngamiani, Barabara ya 12. Mjukuu wangu wa miaka 9 ana pumu. Hospitali walisema ni mzio wa vumbi, wakampa mabomba mawili. La buluu nikimpulizia anafunguka papo hapo. La kahawia sioni kazi yake, na majirani wananitisha kuwa litamzoesha, nikalifungia kabatini. Mbona kifua kinarudi usiku? Na kaka yake wanalalia mto mmoja, hana neno.
Bibi wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Shikamoo bibi. Litoe kabatini leo hii, tafadhali.

Mto wenu nadhani ni wa sufi, kama tuliolalia sisi Chumbageni. Ndani yake huishi wadudu jamii ya utitiri, wasioonekana kwa macho, na unyevu wetu wa pwani ndio neema yao. Kinyesi chao ndicho kinachomdhuru mtoto. Kaka yake anakivuta vilevile, ila mwili wake haukukitengenezea kingamwili, yaani protini ya ulinzi wa mwili, kiitwacho IgE. Wa mdogo umekitengeneza tele.

IgE, iliyogunduliwa mwaka 1966 na Kimishige na Teruko Ishizaka, hujichomeka kwenye vipokezi vya seli za masti, seli za kinga zilizotanda katika njia za hewa. Kipokezi ni protini iliyochomoza juu ya seli ikingoja kitu chake maalumu. Protini ya kinyesi ikishika IgE mbili jirani na kuzivuta pamoja, vipokezi huamsha seli, nayo kwa dakika chache humwaga histamini na lukotriini. Kemikali hizo zina vipokezi vyake kwenye misuli ya njia za hewa. Misuli inajikaza, ute unajaa, mtoto anakoroma kifuani.

Bomba la buluu, salbutamoli, hushika vipokezi vingine vya misuli hiyo hiyo, vile vya kuilegeza. Inafungua, lakini haizimi. Seli za masti zimekwisha kuita wenzao, seli nyingine za kinga ziitwazo eosinofili, ambao baada ya saa kadhaa hufika na kuvimbisha utando upya. Ndicho kifua kinachomrudia usiku, bibi.

La kahawia ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Huingia ndani ya seli, hushika kipokezi kilichomo humo, na ule mwito wa kuita wenzao unanyamazishwa. Hilo huchukua siku, hata wiki, ndiyo maana huoni kitu papo hapo. Halizoeshi. Apulizwe kila siku kama alivyoandikiwa, hata akiwa mzima, kisha asukutue maji na kutema.

Kama hamna kifaa cha kupulizia, kile chombo kinachokaa kati ya bomba na mdomo wa mtoto, chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa bomba inafaa sana. Na mto wa sufi umwondolee. Mtafutie unaofulika kwa maji ya moto.

Mdogo wangu alikuwa na pumu. Usiku nilikuwa nikimulika pale juu ya mtulinga, panavyodidimia kila akivuta pumzi. Ukiona hivyo, au akishindwa kumaliza sentensi, mpulizie la buluu huku mnaita bajaji. Msingoje kukuche.